Kujieleza Bila Kujisifu

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya sala ya alasiri, alinijia kibarazani kwangu hapa Shika Adabu binti mmoja wa mtaa wetu, karani katika ofisi ya uwakala wa forodha ng'ambo ya kivuko, mkononi ana barua aliyoipiga chapa kazini na kuikunja mara nne kama mtu aliyeficha hirizi. Barua ile ilimwarifu kwamba chuo cha biashara alichokiomba, katika nchi ya mbali, kimezisoma karatasi zake na kuridhika na alama zake, na sasa kinataka kuzungumza naye kwa nusu saa kwa njia ya video. Na kabla ya mazungumzo hayo atatumiwa maswali ya kupima hulka yake, ayajibu peke yake. "Shikamoo, mjomba," akasema, na baada ya kuitikiwa, akaongeza kwa sauti ya chini: "Mtihani niliupita. Hili la kuzungumza ndilo linalonitia hofu."

Nikamkaribisha mkekani, nikajifanya msaili, nikamwuliza: "Nieleze habari zako." Akainamisha macho. "Mimi sina mengi, mjomba. Ni mfanyakazi tu, namshukuru Mungu." Nikamwuliza amefanya nini katika miaka mitano ya kazi yake. "Tunajitahidi tu na wenzangu." Nikamwuliza kwa nini chuo kimchukue yeye na kimwache mwingine, akanyamaza, akatabasamu, akacheza na upindo wa leso yake. Kila neno alilolitamka lilikuwa la mtu aliyelelewa vizuri, nami kama mzee wake nilifurahi kulisikia. Walakini lau angaliyajibu maswali yale vivyo hivyo mbele ya watu wasiomjua, nusu saa ingaliisha nao hawajajua lolote juu yake ila kwamba ni mpole.

Kata yetu, iliyomo katika jimbo la Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mvita, imepewa jina ambalo ni amri, na watu wa pwani tumelelewa juu ya amri hiyo tangu tukiwa watoto: usimkatize mkubwa neno lake, usimkazie macho, usiseme "mimi" palipo na "sisi", usijitaje kwa sifa bali ungoje watu wakutaje. Hayo ni mambo ya thamani na sitamshauri mtu ayatupe baharini avukapo kivuko. Lakini usaili wa vyuo vya biashara umetungwa na watu wa ada nyingine, ambao kwao mtu asiyejieleza hudhaniwa hana la kueleza. Na kwa kuwa vijana wetu wanaoomba shahada ya uzamili ya biashara, ile inayoitwa MBA, wanazidi mwaka hata mwaka, ni wajibu wetu kuwafahamisha mapema namna ya kusimama baina ya ada hizi mbili bila ya kuihini hata moja.

Mji wetu una ushahidi wa nguvu ya mazungumzo. Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, na katika mtihani wa cheti cha Cambridge alipata daraja la tatu, daraja ambalo halikumfungulia mlango wa Makerere. Akashika kazi ya ukarani katika MIOME, ile taasisi ya elimu ya Kiislamu ambayo, baada ya kugeuzwa kuwa politekniki, leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisimama katika hafla ya Maulidi akatoa hotuba, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Gavana Sir Philip Mitchell, ambaye alivutiwa na kijana yule hata akataka kujua habari zake. Na kutokana na hayo, mwaka 1955, Mazrui akapata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Alianzia Huddersfield, akahitimu Manchester mwaka 1960, akaenda Columbia kule New York, akapata udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa alipokuwa mwanafunzi ikampa kiti cha profesa. Karatasi ya mtihani ilikuwa imesema neno moja juu yake, na kinywa chake kikasema jingine, na lililosemwa na kinywa ndilo lililokuwa sahihi zaidi.

Vyuo vya biashara vina sababu ya kumsikiliza mtu kabla ya kumwandika. Katika chuo cha biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908, mwanafunzi hukaa darasani na wenzake takriban 90, na somo huendeshwa kwa visa vya makampuni ya kweli: mwalimu huuliza, wanafunzi hujadiliana, na sehemu kubwa ya alama hutoka katika yale ambayo mtu amechangia kwa mdomo wake. Darasa la namna hiyo likijaa watu wanyamavu, hakuna somo. Kwa hivyo msaili, akikuuliza habari za kazi yako, huku nyuma anajiuliza kama wale wengine watafaidika kwa kukaa nawe chumba kimoja kwa miaka miwili. Kule Harvard hasailiwi ila aliyealikwa, na msaili huwa ameshayasoma maombi yote kabla ya kukutana naye, basi hana haja ya kusomewa tena. Ataka kupelekwa ndani zaidi. INSEAD, chuo kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1957, kina desturi nyingine: humpeleka mwombaji kwa wahitimu wake wawili, mmoja mmoja, aghalabu wakaao nchi ile ile, na mtu wa Mombasa huenda akajikuta ameketi katika ofisi ya Nairobi mbele ya mfanyabiashara aliyepitia njia hiyo hiyo zamani. Hapa kwetu, Skuli ya Biashara ya Strathmore, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2005, nayo hutaka kuonana na mwombaji wa MBA. Mwulize kila msaili wa vyuo hivi anatafuta nini, na majibu yao yatakaribiana: kwa nini shahada hii, kwa nini sasa, kwa nini kwetu, umewahi kuongoza nini, umewahi kushindwa wapi, na utawapa nini wenzako.

Narudi kwa yule binti. Nilipoona kwamba maswali makubwa yanamfunga kinywa, nikayaacha, nikamwuliza lililo dogo: ofisini kwao, ni jambo gani lililokuwa likienda kombo zamani, ambalo leo haliendi kombo? Akafikiri. Akasema kwamba makontena ya wateja yalikuwa yakikaa bandarini kupita siku za bure, na wateja wakilipishwa demareji kila mara, na kila mtu akimlaumu mwenziwe. Nani aliyeligundua tatizo? "Ni mimi," akasema, kwa sauti iliyokaribia kuomba radhi. Vipi? Alinunua daftari la kurasa 200, akaanza kuandika meli imefika lini, hati ya shehena imepokewa lini, imetiwa sahihi lini, ushuru umelipwa lini; na baada ya miezi miwili akaona kwamba kuchelewa hakutoki forodhani wala bandarini kama walivyozoea kusema, ila karatasi zililala ofisini mwao siku mbili au tatu zikingoja sahihi ya mkubwa mmoja ambaye alikuwa safarini mara kwa mara. Akaandika barua ya nusu ukurasa, kwa adabu, akaomba mtu wa pili aruhusiwe kutia sahihi. Mkubwa akakasirika wiki nzima, kisha akakubali.

Nikamwambia: "Mwanangu, hayo uliyonieleza sasa hivi ndiyo usaili wenyewe. Umejisifu wapi?" Hakuwa amejisifu hata kwa neno moja. Alikuwa ametoa ushuhuda: jambo lilikuwa hivi, nikafanya hivi, likawa hivi. Mwenye kujisifu hutumia majina ya sifa, akasema mimi ni kiongozi, mimi ni mbunifu, mimi ni mwaminifu, na msikilizaji hana njia ya kumsadiki wala kumkadhibisha. Mwenye kushuhudia hutaja daftari, kurasa, siku na sahihi, na msikilizaji akaipata ile sifa mwenyewe. Nami nashikilia kwamba njia hii ya pili haiko mbali na adabu yetu. Kadhi hamwambii shahidi apunguze aliyoyaona kwa unyenyekevu, na shahidi anayesema "tulikuwapo" hali alikuwapo peke yake ameipotosha haki kama yule anayejiongezea. Palipo "sisi" kwa kweli, sema sisi. Palipo "mimi", sema mimi.

Swali la kushindwa ndilo linalowatoa wengi jasho, kwa sababu sisi ni watu wa sitara, na aibu ya mtu haitandazwi uwanjani. Wengine hulikwepa kwa kutaja kosa ambalo ni sifa iliyovaa kanzu ya kosa, wakasema nilishindwa kwa kuwa nafanya kazi kupita kiasi. Jawabu hilo limeshasikiwa na kila msaili wa dunia hii. Wengine, kwa hamaki, humwaga siri za tajiri wao wa zamani. Kanuni ya sitara ikifahamika vizuri inatosha kutuongoza hapa: sitiri la mwenzio, ungama lako. Chagua kosa lililokuwa lako hasa, lililomgharimu mtu kitu, ulieleze kwa sentensi mbili au tatu bila ya kulia wala kujitetea, kisha useme ulibadilisha nini baadaye. Msaili haulizi kwa minajili ya kukufedhehesha. Ataka kujua kama ukikosea utaona.

Yako mambo ya mwili pia. Kuinamisha macho, ambako kwetu ni heshima, huko husomwa kuwa ni hofu au ni kuficha. Basi mtazame msaili usoni kama umtazamavyo rika lako umpendaye, na katika video ulitazame lile tundu la kamera, kwa kuwa ukitazama picha yake kwenye kioo, yeye akuona umeangalia chini. Kunyamaza sekunde chache kabla ya kujibu si aibu. Lugha itakuwa Kiingereza, na lafudhi ya pwani haimdhuru mtu. Linalodhuru ni kuhifadhi majibu neno kwa neno. Sote tuliopitia chuo cha Qurani tunamkumbuka mtoto aliyeihifadhi sura kwa mkondo mmoja, ambaye mwalimu akimsimamisha katikati hawezi kuendelea mpaka aanze tena mwanzo. Katika Qurani hiyo ni hatua ya masomo, ina heri yake. Katika usaili ni msiba. Hifadhi visa vyako sita au saba, kila kimoja kwa mifupa yake, kwanza uvieleze kwa Kiswahili kwa mtu atakayekukatiza, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti, si kichwani. Kichwani kila mtu ni fasaha.

Kuna usaili wa aina nyingine ambao mtu wa pwani anaweza kuuingia akiwa ametangulia mbele ya wengine. Chuo cha Wharton kule Philadelphia, tangu mwaka 2012, huwakusanya waombaji watano au sita, kikawapa jambo la kujadili kwa muda wa dakika 35, na wasaili wakakaa kando wakitazama bila ya kusema. Wengi huingia wakidhani mshindi ni anayesema sana. Mtu aliyekulia barazani ajua kwamba sivyo: baraza ina mzee wa kufungua neno, ina anayelidaka neno la mwenziwe na kuliendeleza, ina anayemgeukia aliyenyamaza pembeni na kumwambia "na wewe bwana fulani waonaje", ina anayekusanya yaliyosemwa magharibi ikikaribia. Huyo anayemgeukia mnyamavu ndiye ambaye wasaili huandika jina lake. Adabu tuliyoihofia kuwa ni kizuizi hapa imegeuka kuwa ujuzi.

Juu ya saa nitasema kidogo, ila kwa mkazo. Kijana mmoja nimfahamuye alipata mwaliko wa saa 9 ya asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, naye akaisoma kama saa tisa yetu, akafungua tarakilishi alasiri, hali msaili ameshamngoja na kuondoka saa sita kabla. Andika saa zote mbili kwenye karatasi moja. Tena Marekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba: miadi ya saa tatu asubuhi ya Boston, ambayo mwezi wa Oktoba ni saa kumi alasiri kwetu, baada ya siku hiyo huwa saa kumi na moja. Tafuta chumba kisichopitiwa na watu, waarifu majirani, jaza bando la simu kama akiba, kwa sababu stima ikipotea na intaneti ya nyumba hupotea, na kwa wale ambao chuo chao kinatumia maswali yaliyorekodiwa, ambayo humpa mtu sekunde chache za kufikiri na dakika moja hivi ya kujibu bila ya kurudia, wajizoeze kwa simu zao mpaka dakika moja waijue kwa mwili kama mvuvi ajuavyo maji kupwa.

Sasa hulka. Elimu ya kuwagawa watu kwa tabia si ngeni kwetu hata kidogo. Matabibu wa zamani wa pwani, waliorithi mafundisho ya Wayunani kwa njia ya Waarabu, waliyahesabu mambo manne ndani ya mwili, damu, balghamu, safura na sauda, wakasema kwamba likizidi moja mtu huwa mchangamfu, au mzito, au mwenye hasira, au mwenye huzuni. Vipimo vya leo vilianza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, pale Mmarekani Robert Woodworth alipotunga orodha ya maswali ya ndiyo na la ili kuwatambua askari ambao nyoyo zao zisingestahimili vishindo vya mizinga, na vita vikaisha kabla ya orodha hiyo kutumika vya kutosha. Baadaye Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, wakitegemea kitabu alichokichapisha Carl Jung mwaka 1921, walitengeneza kipimo kinachowapanga watu wote katika aina 16, na kipimo hicho kimeenea makazini kote duniani. Mimi sikiamini sana. Watu wengi wakikirudia baada ya wiki chache hutoka katika aina nyingine, na wachapishaji wake wenyewe wanasema kisitumike kumchagua mtu wa kuajiriwa. Wataalamu wa siku hizi hupendelea kupima mambo matano kwa viwango: uwazi wa fikra, uangalifu katika kazi, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuhangaika, na katika hayo matano, uangalifu ndio uliodhihirika zaidi kuambatana na utendaji mzuri wa kazi.

Swali ambalo kila kijana huniuliza ni hili: nijibu kama nilivyo, au kama wanavyotaka? Mtu mwongo katika vipimo hivi hutegwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya zamani: katika kipimo maarufu cha Minnesota, kilichochapishwa mwaka 1943, yamo maswali juu ya makosa madogo ambayo hakuna binadamu asiyeyafanya, kama vile kughadhibika mara mojamoja, na anayeyakana yote huandikwa kuwa anajipamba. Ya pili ni ya sasa, nayo hutumiwa na chuo cha Yale katika kipimo kifupi kinachofanywa kwa intaneti: huwekwa mbele yako maneno mawili, yote mazuri, ukatakiwa uchague lililo karibu nawe zaidi. Kwa mfano: "napanga kazi kabla ya kuianza" na "watu hunijia wakiwa na shida". Ukilichukua la kwanza hukuwa mbaya, na la pili vile vile. Jawabu la kumfurahisha mtu halimo. Hata lau lingekuwamo, mtu aliyejipatia nafasi kwa hulka ya kuazima ataishi nayo miaka miwili mbele ya watu wanaomtazama kila siku, na nguo ya kuazima haimkai mtu mabegani.

Basi nilimshauri yule binti alale usiku, asifanye kipimo mara tu ashukapo katika feri akiwa amechoka kwa msongamano, ajibu akijifikiria kazini wala si harusini, afuate jawabu la kwanza linalomjia, wala asimpe ndugu yake amjibie. Akafanya hivyo. Kisha kwa jioni tisa mfululizo, isipokuwa Ijumaa, alikuja mkekani, nami nikamwuliza, na jirani yangu aliyestaafu bandarini akamwuliza, na mke wangu, ambaye hakuwahi kuingia ofisini maishani mwake, akamwuliza swali lililokuwa gumu kuliko yetu sote: "Na hao wenzio wa ofisini, wewe ukiondoka, hilo daftari nani atalishika?" Alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake alianza kumfundisha karani mdogo kulijaza.

Usaili wake ulifanyika Novemba, saa kumi na moja alasiri, na jawabu la chuo halijaja. Lakini wamekwisha kunijia vijana wengine wawili, mmoja wa Mtongwe na mmoja wa Timbwani, na mkeka wangu ni mmoja. Wewe unayesoma haya, uliyewahi kusailiwa na chuo au na kampuni, uwe Likoni, Kisauni, Changamwe au Maskati, mtafute kijana mmoja wa mtaani kwako mwenye barua kama ile, umpe nusu saa, umkatize, umwulize tena.